Nyumba Sitini na Tatu Ndani ya Posta

Nasiha alikuwa na ugonjwa mmoja, na wala si wa hospitali: alipenda kumaliza. Kazi ya wiki aimalize kwa siku, kazi ya siku aimalize kabla ya chai ya saa nne. Mamake, Bi Mwanaesha wa hapo Kaloleni, Voi, hakuchoka kumwambia, "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Enda polepole." Naye hujibu, "Naam, mama," huku mguu mmoja ushatoka nje.

Kwa hiyo Bwana Mbuvi alipompa ile kazi ya ramani, alimpa mtu anayeifaa, ama asiyeifaa kabisa, utaamua mwenyewe. Mbuvi alikuwa na kampuni ya ambulensi pale mjini, Himaya, magari mawili na kibao kikubwa kuliko ofisi. Watu wa kaunti nzima walijiunga kwa kujaza fomu: jina, simu, anwani, na chini kabisa mistari mitatu yenye kichwa "Jinsi ya kufika kwako". Siku moja Mbuvi akarudi kutoka semina Mombasa, kichwa kimemjaa mambo.

"Habari ya dereva kuuliza njia imekwisha," akasema. "Nataka kila mteja awe na kodineti zake, zile namba mbili ndefu. Dereva anabonyeza, ramani inampeleka mpaka mlangoni."

Nasiha akaingia mtandaoni, akapata huduma ya ramani ambayo ukiipa orodha ya anwani inakurudishia namba. Akazichapa fomu zote kwenye kompyuta, akaipa yale maelezo ya jinsi ya kufika. Ikamtolea wekundu mstari baada ya mstari: haipatikani, haipatikani. Na ingejuaje, masikini, "ukipita kwa shangazi Katuku shika njia ya ng'ombe"? Basi akaifuta safu yote, akaweka msimbo wa posta peke yake. Hapo mashine ikachangamka! Ukiweka 80300, namba hizi hapa. Ukiweka 80304, namba hizi hapa. Watu mia nne wakawa tayari kabla ya adhuhuri. Mbuvi alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, ingawa wote hao walikuwa wanne. Katoni la fomu za karatasi likatolewa nje kwa sababu lilikuwa linazuia mlango.

Hakuna aliyejiuliza msimbo wa posta ni wa nini. Kwetu Kenya msimbo wa posta ni wa posta. Si wa mtaa, si wa kijiji, si wa nyumba ya mtu. Mtu akiulizwa anwani anaandika sanduku, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule au la kanisa, hata la shemeji. Kila mtu anajua hivyo, na Nasiha alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukumbuka ukiwa na haraka ni kingine.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana, simu ya ofisi ikalia.

"Himaya? Ni Obadiah Mwadime. Mkamwana wangu Teresia ana mimba ya miezi minane, anatokwa damu. Damu nyingi. Leteni gari!"

Jina lilikuwa limeshajitokeza kwenye kompyuta, na nukta nyekundu chini yake. Nasiha akaiona, akafurahi. Ndiyo, nasema alifurahi, kwa kuwa huo mfumo ulikuwa wake na sasa ulikuwa unafanya kazi.

"Shikamoo baba. Gari liko Mwatate, linapanda sasa hivi."

"Mnajua kwangu? Simu yangu inazima, chaji ni kidogo..."

"Usiwe na wasiwasi, baba. Tunakuona kwenye ramani."

"Mnaniona?"

"Tunakuona kabisa."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Simu ikakatika.

Nzomo, dereva, alikuwa Mkamba mgeni wa milima ile, wiki ya pili kazini. Muuguzi Evelyn aliyekuwa naye alikuwa mgeni vilevile. Nasiha akawatumia pini ya nukta ile kwenye simu. Nzomo akawasha king'ora, akaanza kupanda zile kona za Wundanyi, na Nasiha akakaa akiangalia kigari kidogo kikitambaa kwenye kioo cha kompyuta. Saa nane na dakika arobaini na mbili kikaigusa nukta. Akashusha pumzi.

Simu ikalia.

"Dada Nasiha," Nzomo akasema, "nimefika. Lakini hapa ni posta."

"Posta gani?"

"Posta ya Wundanyi! Naona mlango, naona masanduku ya barua. Hakuna mzee, hakuna mgonjwa."

"Angalia nyuma. Pengine nyumba iko nyuma."

"Nyuma kuna choo."

Nasiha akampigia Obadiah. *Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Akampigia Austin, aliyeandikwa kama simu ya pili, mwana wa mzee na mume wa Teresia, ambaye huuza vitunguu barabarani kule Miasenyi. Simu ikalia mpaka ikakata, mara nne. Malori yanapopita pale, hata ukipigiwa tarumbeta husikii. Akarudi kwenye orodha, akabonyeza aone ni nani mwingine aliye kwenye nukta ile ya Wundanyi.

Yakashuka majina sitini na matatu. Kodineti zote zilikuwa moja, mpaka tarakimu ya mwisho. Nyumba sitini na tatu, na wazee na watoto na wagonjwa wa sukari, zote amezilaza ndani ya posta. Akashuka kwenye 80300, posta ya Voi, akakuta zaidi ya mia mbili, na katikati yao Mwanaesha Ridha. Mama yake mzazi! Mama ambaye leo asubuhi wamekunywa chai pamoja Kaloleni, kwenye mfumo wa bintiye anaishi posta.

"Ya Rabi," akasema, na machozi yakamjia hapohapo.

Mbuvi akatoka chumbani kwake. "Kuna nini?"

"Sijui mgonjwa yuko wapi, bosi."

"Si yuko kwenye ramani?"

"Ramani haijui! Mimi niliiambia posta, nayo ikasema posta. Anayetumia posta ya Wundanyi anaweza kuwa mlima wowote ule."

Kwenye simu Nzomo alikuwa anauliza watu. Sauti zilisikika. Obadiah yupi? Obadiah wa dawa za mimea? Obadiah fundi? Yule mrefu alishakufa. Nzomo akapaza sauti, "Dada, barabara hapa zinaachana. Nishike ipi? Evelyn anasema damu haingoji!"

"Fomu," Nasiha akasema. "Aliandika kwenye fomu jinsi ya kufika. Bosi, lile katoni liko wapi?"

Mbuvi akajikuna shingo. Mtu mzima akijikuna shingo hivyo, ujue maji yameshazidi unga. "Nilimpa Kavinya."

"Kavinya yupi?"

"Wa njugu. Pale getini. Alisema hana karatasi za kufungia."

Nasiha hakungoja kiatu. Alitoka na simu mkononi, Nzomo bado yuko hewani, buibui kalikunja mkononi, akavuka uwanja wenye jua la kuunguza nyayo. Kavinya alikuwa kwenye kigoda chake anasokota karatasi, anajaza njugu, anazipanga kwenye sinia, hana habari na ulimwengu.

"Mama Kavinya, karatasi! Katoni liko wapi?"

"Ai! Salamu kwanza, mtoto wa Mwanaesha."

"Mtu anakufa, mama!"

Kavinya akalisukuma katoni kwa mguu. Lilikuwa limebaki nusu. Nasiha akapiga magoti mchangani, akapekua. Nzomo akauliza vipi, akamwambia ngoja. Akauliza tena. Mbuvi alifika anahema, akapiga magoti naye, bila kujali suruali yake ya semina. Walipekua mpaka karibu na chini ndipo Nasiha akaipata: *Obadiah Mwadime. Simu. Anwani: S.L.P. 17, 80304 Wundanyi.* Na hapo karatasi ikaishia. Ilikuwa imekatwa kwa rula, sawasawa, katikati.

"Nusu ya chini, mama! Nusu ya chini iko wapi?"

"Mimi hukata mbili," Kavinya akasema polepole. "Ya chini huisokota kwanza." Akaangalia sinia. Palikuwa na vifuko kama hamsini. "Hizi ni za leo. Za jana zimeshaliwa."

Alikuwa mwanamke wa watu, Kavinya. Alilishika sinia kwa mikono miwili akalimwaga lote chini, njugu zake, riziki yake ya siku, akaanza kufungua vifuko yeye wa kwanza. Wakavifungua wote watatu. *Mkabala na kisima. Uliza duka la Mbogho. Plot ya tatu baada ya reli.* Kila mtu alikuwa ameeleza kwake kwa uangalifu, kwa mwandiko wake bora, akiamini kuna atakayesoma. Saa tisa na dakika ishirini na moja Mbuvi akapiga kelele.

Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, umelala upande mmoja, umepakwa mafuta ya njugu:

*Sanduku ni la barua, sisi hatukai humo. Kwetu ni Mwanda. Pita soko, shika njia ya kanisa, kona ya tatu teremka kulia, nyumba yenye mlango wa kijani. Usiulize Obadiah, hawatanijua. Uliza kwa Mwalimu wa Kwaya.*

Nasiha akamsomea Nzomo mara mbili. Akasikia Nzomo akiwauliza waliomzunguka, "Mwalimu wa Kwaya, Mwanda?" Na watu kumi wakajibu kwa pamoja, Aaa! Si ungesema! Mmoja akaruka ndani ya gari awaonyeshe njia.

Kutoka Wundanyi mpaka Mwanda si mbali kwa ndege, ila ambulensi si ndege. Kulikuwa na ukungu, kulikuwa na matope. Nasiha alirudi kwenye kiti chake akaangalia kigari kikitambaa, na safari hii hakikuwa kinaenda kwenye nukta yoyote. Saa kumi kasoro dakika sita Nzomo akasema neno moja tu, "Tumempata," akakata.

Mbuvi alikwenda getini akamlipa Kavinya njugu zake, akarudi, akakaa. Hakumlaumu Nasiha, na Nasiha alitamani amlaumu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea simu ilipolia. Ilikuwa ile nambari.

"Himaya? Ni Obadiah. Nimepata chaji hapa hospitali."

"Baba. Teresia anaendeleaje?"

"Teresia ni mzima. Wamemwongezea damu, amefungua macho, ameniita. Mtoto hakutungoja, ametangulia."

Nasiha akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni wewe uliyepokea mchana? Sauti ni yako."

"Ni mimi, baba."

"Nataka kuuliza jambo. Si kwa ugomvi. Jirani yangu Sylus ana pikapu ya kubebea kabichi. Nilipomaliza kuongea nawe alikuja, akasema tumlaze Teresia nyuma, tuteremke. Nikamkataza. Nikamwambia barabara ni mbovu, atamtikisa mgonjwa, na ambulensi inakuja, wanatuona. Nikaenda barabarani nikasimama, ili mkiangalia mnione vizuri. Tulikaa karibu saa mbili, mwanangu. Nilitaka kujua ni nini kilizuia."

Angeweza kusema ukungu, au mtandao. Mbuvi, mkabala naye, alikuwa anatikisa kichwa taratibu, asiseme.

"Hakuna kilichozuia, baba," Nasiha akasema. "Hatukuwa tunakuona. Niliona namba ya posta nikadhani ndiyo kwako. Uliandika vizuri, na mimi ndiye niliyefuta. Nisamehe."

Kwa mbali, upande ule, mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye magurudumu.

"Mbona hukuniuliza?" mzee akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. "Chaji ilikuwa inatosha kusema Mwanda."

Akakata.

Mbuvi alizima taa ya chumba chake, akasimama mlangoni, akamwambia aende nyumbani. Nasiha akasema anakuja. Hakuenda. Alifungua orodha, akazichagua zile safu mbili za namba ndefu, akazifuta zote, watu mia nne. Akavuta simu karibu, akapiga nambari ya kwanza. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya usingizi.

"Ni Himaya, mama, shikamoo. Naomba uniambie, kwako mtu anafikaje?"

"Si nilijaza fomu?"

"Ulijaza, mama. Nimeipoteza mimi. Nieleze polepole, naandika."