Uhusiano Wako na Mtoto

Faili lilirudi Jumatatu. Mwalimu aliitambua ile bahasha ya kaki kutoka mlangoni, mezani kwa karani wa ustawi wa jamii, maana aliifunga kwa mkono wake mwenyewe miezi mitatu nyuma. Sasa ilikuwa imechanwa upande mmoja, na juu yake imebanwa barua ya kurasa mbili.

Mdogo wake, kitinda mimba wao, aliolewa ng'ambo, akazaa mtoto wa kike, na mwaka jana yeye na mumewe wakafa katika ajali moja ya gari. Mtoto ana miaka minne. Upande wa baba kuna babu mmoja mgonjwa, ambaye ameshasema kwa maandishi kwamba hamwezi. Kwa hiyo mtoto yuko kwenye makao ya watoto huko huko, akimsubiri mama yake mkubwa amalize karatasi za kumuasili. Karatasi kumi na tisa. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini, na hakuwahi kuhesabu kitu kwa uchungu namna ile.

Barua ilisema kwamba kwenye fomu, mahali pa "uhusiano wako na mtoto", mwombaji ameandika kuwa yeye ni mama wa mtoto, yule mkubwa. Kwa kuwa mtu hawezi kumuasili mtoto wake mwenyewe, aeleze. Tena alete idhini ya yule mama mwingine, mdogo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mfasiri aliyezifasiri fomu zake, mzee nadhifu mwenye muhuri wa mahakama, akamwekea barua mbele yake. Mfasiri akasoma, akakuna kidevu, akasema yeye aliapa kufasiri kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni mama mkubwa.

"Kwani wao mama mkubwa wanamwitaje?"

"Wao hawana. Wana neno moja tu. Dada wa mama, dada wa baba, mke wa mjomba, wote humo humo."

"Basi andika hilo hilo."

"Nikiliandika, watajuaje kama wewe si shangazi?"

Mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo wanafunzi wake waliiogopa kuliko fimbo, aandike: dada wa tumbo moja wa marehemu mama wa mtoto. Maneno yote hayo. Yasipotosha kwenye kisanduku, yatoke nje.

Kusahihisha jambo hilo moja kulikula wiki tano, kwa sababu fomu mpya ilitaka kiapo kipya, na wakili wa viapo alikuwa likizo. Wiki hizo zilipokwisha, cheti cha polisi cha kuthibitisha kwamba wao si wahalifu, ambacho hudumu miezi minne, kilikuwa kimepitwa na wakati. Wakarudi polisi, yeye na mumewe, kutoa upya alama za vidole.

Mumewe ni mwashi. Mtaa mzima humwita Fundi, na mkewe pia. Mara ya kwanza walipakwa wino. Safari hii kulikuwa na mashine ya kioo. Vidole vya Mwalimu vilisomeka papo hapo. Vya Fundi, mashine ikalia na kuwasha taa nyekundu. Wakafuta kioo, wakafuta vidole, wakarudia mara saba. Askari kijana akavigeuza vile vidole, vilivyolainishwa kama ganda la yai na miaka ya saruji, akauliza amevifanya nini.

"Nimejengea nyumba za watu," Fundi akasema.

Askari akasema kuna wanaovisugua makusudi ili wasijulikane. Hapo Mwalimu akasimama. Aliyasema yote, tangu ile fomu mpaka wakili wa likizo, na foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza, mpaka mkuu wa kitengo, mama wa makamo, akatoka ofisini kwake. Akavitazama vidole, akasema marehemu baba yake alikuwa navyo hivyo hivyo. Apumzike wiki tatu. Asiguse saruji wala sabuni ya kufulia, ajipake glisirini asubuhi na jioni, mistari itarudi.

Fundi akaacha kazi ya watu katikati ya ukuta. Akawa anashinda kibarazani, mikono juu ya mapaja, kama bwana harusi anayesubiri kuvishwa pete. Mwalimu akitoka shule anaosha vyombo, anafua, anapika, kisha anamkagua vidole dirishani. Siku ya tisa alikuta kibaraza kitupu. Ukuta wa choo cha jirani ulikuwa umeanguka, na Fundi amechuchumaa pale, saruji mpaka viwikoni.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa juu ya tofali, mkoba ungali begani.

"Siku tisa," alisema.

"Mke wangu, nikikaa pale nafikiria yule mtoto analazwa na nani. Mikono ikiwa mitupu nafikiria zaidi."

"Na mimi nikishika chaki unadhani nafikiria nini?" Sauti ikamkatika. "Kwa mdogo wangu amebaki yule tu. Yule tu, Fundi."

Hakuwa amelia mbele yake tangu siku za msiba. Fundi alinyanyuka, akaenda kunawa, na jirani akatundika shuka pale palipokuwa na ukuta.

Wakaanza kuhesabu upya. Safari hii Mwalimu alimpa mumewe daftari ajifunze maneno ya lugha ya mtoto. Alishinda akikariri njoo, maji, unaumwa wapi, kwa lafudhi ya kutisha, na hakutoka kibarazani.

Siku ya ishirini na mbili mashine ilikubali vidole tisa. Gumba la kulia lilikataa katakata. Mkuu wa kitengo akaandika kwa mkono kwamba limelika kwa kazi, akagonga muhuri. Faili likaondoka huku vyeti vyao vya hospitali, navyo vya muda, vimebakiza siku nne kuisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Mahakama ya kule imekubali. Waje wenyewe mwezi ujao kumchukua mtoto. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja zaidi: kila mmoja alete picha nne mpya, masikio yote mawili yaonekane, kwa kuwa zile za kwanza hazikuyaonyesha.

Mwalimu alisoma barua mara mbili, akampa mumewe, akavua kilemba palepale. Kisha akamwambia avae viatu upesi, studio inafungwa saa kumi na moja.