Gari Lililofichwa Ikwiriri

Fatehali alikuwa akipima ufuta wa mkulima mmoja wa Chumbi pale gari la polisi liliposimama mbele ya duka lake, Kibiti. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa sita, mwaka 1954. Akateremka Inspekta wa Kizungu kutoka Dar es Salaam, na nyuma yake Sajini Miraji, ambaye hakuwa akipita Kibiti bila kunywa chai kwenye baraza ya duka lile. Siku hiyo Sajini hakutoa salamu.

"Ni wewe uliyemuuzia Kanji gari la zamani, la kijani, lenye taa za shaba?" Inspekta aliuliza.

"Ni mimi," Fatehali akajibu kwa uso mkunjufu. Alidhani Mzungu amelipenda, anataka lingine kama lile.

"Gari hilo liliibwa Dar es Salaam mwaka 1936. Kanji alipokwenda kuliandikisha, namba ya injini ikaonekana katika kitabu cha mali ya wizi. Yuko mahabusu tangu Jumamosi. Amekutaja wewe."

Debe la ufuta likamponyoka Fatehali, punje zikatapakaa sakafuni, na mkulima wa Chumbi akarudi nyuma kana kwamba yeye ndiye aliyezimwaga. Dhanbai, mke wa Fatehali, alitoka ndani na unga mikononi. Akamtazama mumewe, akawatazama polisi, akaketi juu ya gunia.

Fatehali alikuwa amefanya biashara pale barabarani miaka ishirini, na hakuna aliyepata kumnyooshea kidole. Sasa anahojiwa mbele ya wateja wake kama mnyang'anyi: gari alilipata kwa nani?

"Kwa mjane mmoja wa Ikwiriri," alisema hatimaye. "Bi Mwantumu. Jumbe wa kijiji alikuwapo, akashuhudia."

"Hati za gari uliziona?"

Fatehali akainamisha kichwa. Hakuziona. Aliambiwa zimeliwa na mchwa, naye akaamini, maana siku ile macho yake yalikuwa yamekwisha kutekwa. Alilikuta gari ndani ya banda la mpunga, limefunikwa majamvi, matairi yameoza, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Akalivuta kwa lori hadi Kibiti, akakaa nalo miezi minane. Alisugua shaba mpaka ikang'aa, akashonesha viti upya, akaagiza vipuri Bombay kwa barua. Siku injini ilipowaka, jirani wote waliitwa wakala halua. Kisha Kanji, mfanyabiashara wa katani wa Dar es Salaam, akaliona alipokuwa akipita, akaling'ang'ania mpaka akauziwa, apate kumbebea bibi arusi wa mwanawe. Na sasa Kanji, mtu mzima mwenye wajukuu, analala sakafuni mahabusu.

"Twende kwa huyo mjane," Inspekta akasema.

Njia nzima Fatehali alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia yule mwanamke aliyemdanganya. Walipofika walimkuta uani akipepeta mchele na binti yake, Tabu, msichana wa miaka kumi na minane.

"Karibuni," Mwantumu alisema. "Bwana Fatehali, kuna heri?"

"Hakuna heri, Bi Mwantumu. Umenitia matatani. Gari lile ni la wizi."

Mwantumu alitabasamu kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri. Halafu akaiona pingu kiunoni mwa Sajini.

"La wizi vipi? Mume wangu alipewa na tajiri wake."

"Mumeo aliitwa nani?" Inspekta aliuliza.

"Bashiru."

Inspekta akafunua faili. "Dereva aliyetoroka na gari anaitwa Athumani, mtu wa Kilwa. Polisi walimtafuta Kilwa mwaka mzima."

Ungo ukatulia mikononi mwa Mwantumu. Mchele ukamwagika taratibu upande mmoja.

"Athumani ni kaka yake," alisema. "Alikufa zamani. Mume wangu alifanya kazi mjini kwa kipande cha kazi chenye jina la marehemu kaka yake."

Hapo Sajini Miraji akavua kofia. Fatehali aliona kwamba mjane hakujua lolote, akayasahau maneno yote aliyoyapanga.

"Eleza lilivyofika hapa," Inspekta akasema.

"Masika ya mwaka huo nilishikwa na uchungu. Siku ya kwanza mtoto hatoki, baba yangu akapeleka habari mjini kwa dereva wa lori. Siku ya tatu, adhuhuri, nikamwona Bashiru anaingia na gari la tajiri wake. Akanilaza kiti cha nyuma, anipeleke hospitali. Hata Kibiti hatukufika. Gari lilizama kwenye tope, maji yakaingia mpaka miguuni mwa Bashiru, na mtoto akazaliwa mle mle. Ndiye huyu." Akamgusa Tabu begani. "Watu wakalivuta kwa kamba likarudi huku. Bashiru akaniambia tajiri amesema limekwisha haribika, tubaki nalo. Miaka yote hiyo, Bwana, sikusikia lingine."

"Hakuliendesha tena?"

"Hata kulikalia hakulikalia. Na mwaka juzi, homa ilipomzidi, alinishika mkono akaniambia nisiliuze. Nilidhani ni kulipenda. Paa la nyumba likavuja, nikaliuza." Akaketi chini, pale pale penye pumba. "Kumbe alikuwa ananificha."

Tabu alikuwa amesimama kama mti. Jina lake alijua limetokana na shida aliyozaliwa nayo, lakini hakuna aliyemwambia shida yenyewe ilikuwa na polisi ndani yake.

"Mama," alisema, "baba alikuwa mwizi?"

Mwantumu hakumjibu.

Fatehali aliandika maelezo yake siku hiyo hiyo, na Kanji akaachiwa. Lakini kesi ilibaki. Zaverchand, mwenye gari, alikuwa amekufa, na mrithi wake alikuwa bintiye, Jayaben. Inspekta akaagiza watu wote wakutane Jumamosi katika kituo kidogo cha polisi Kibiti. Jayaben alikuja kwa gari lake, amevaa sari nyeupe, uso umekaza. Alisema wazi tangu mlangoni kwamba baba yake alihuzunikia gari lile hadi kufa kwake, na kwamba anataka waliolificha waadhibiwe.

Inspekta akamwambia Mwantumu arudie maelezo yake. Aliyarudia, neno kwa neno, akitazama sakafu. Alipofika pale mtoto alipozaliwa, Jayaben aliinua mkono kumnyamazisha.

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Wa nne, Bibi. Mvua za masika."

Jayaben alimgeukia Tabu, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Niliambiwa mke wa dereva alikufa," alisema. "Baba alisema dereva alitunga uongo, hakuwa na mke wala mtoto. Baadaye watumishi wakasema mke alikuwapo, akafa. Mimi nikakaa na hilo."

"Watumishi walijuaje habari za mke?" Inspekta aliuliza.

"Kwa sababu aliomba mbele yetu." Jayaben alisema polepole, na ilikuwa dhahiri hajawahi kulisema. "Nilikuwa barazani, nina miaka kumi na sita. Dereva alipiga magoti. Akasema mke wake yuko katika uchungu siku ya pili, anaomba gari, atalirudisha kabla ya siku tatu. Baba akamwambia gari lile si la kubebea wake wa madereva. Asubuhi gari halikuwapo, na baba akaenda polisi. Sikumwambia mtu nilichosikia."

Mwantumu aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Alipiga magoti?"

"Ndiyo, mama."

Mwantumu akajifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yakamtikisika. Fatehali alitoka nje, akasimama uani kwenye jua. Miezi minane alilisafisha gari lile kwa mikono yake, kiti cha nyuma alikifumua mwenyewe, akaona doa jeusi kwenye ngozi, akaagiza itupwe.

Jayaben alitia saini kwamba hataki kesi iendelee. Gari likarudi kwake, kama sheria ilivyotaka. Fatehali alimrudishia Kanji fedha zake zote, na Kanji akazipokea amesimama, akakataa chai, na tangu hapo hakupita tena Kibiti. Dhanbai alimwomba mumewe asimdai mjane kitu. Hakuhitaji kuombwa.

Jumamosi ile Fatehali aliwarudisha mama na binti Ikwiriri kwa lori lake. Walikaa watatu mbele, wakaenda mpaka walipoyaona mashamba ya mpunga. Ndipo Tabu alipouliza tena swali lake, kwa sauti ya chini.

Safari hii Mwantumu alijibu.

"Aliomba kwanza," alisema. "Akanyimwa. Akaja."

Fatehali aliwashusha mbele ya nyumba yao yenye paa jipya la bati, akawaaga, akageuza lori.