Rangi ya Kucha Kwenye Prosesa

Muhsin alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini: akikuta kitu kinafanya kazi vizuri, hatulii mpaka akifungue. Feni, redio, jiko la gesi la mama mkwe, vyote vimepita mikononi mwake, na si vyote vilivyorudi salama. Mkewe, Mwaija, alikwisha kuzoea. Lakini kompyuta ya studio ilikuwa jambo lingine, maana Mwaija aliuza cherehani yake ili inunuliwe.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Mkata, kinachotazama barabara kuu, na kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi. Asubuhi mambo yalikwenda. Jua likishika bati, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilichemka, feni ikapiga kelele kama mashine ya kukoboa, na bibi harusi akaganda kwenye kioo, mdomo wazi, keki haifiki.

"Si uizime ipumzike, Baba Sufiani?" Mwaija alimwambia. "Hata sisi saa saba tunatafuta kivuli."

Ulikuwa ushauri mzuri, ndiyo maana hakuufuata. Mtandaoni aliona vijana wa nchi za mbali wakibandua kofia ya chuma ya prosesa na kupitisha maji moja kwa moja juu ya kiini chake. Maji yanabeba joto lote, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba pembeni mwa kiini pana vipande vidogo kama punje za ufuta vinavyopitisha umeme. Maji yakivigusa, kompyuta imekwenda. Lazima vifunikwe kwa kitu kisichopitisha maji.

Kitu hicho alikipata mlangoni kwake. Mwaija alikuwa amerudi kutoka harusini Korogwe, ameketi kwenye mkeka, anafuta rangi ya kucha kwa pamba kabla ya adhana ya adhuhuri.

"Hivi kweli hiyo haipitishi maji hata kidogo?" Muhsin aliuliza.

"Ingekuwa inapitisha ningehangaika kuifuta? Maji hayafiki kwenye ukucha, udhu hakuna."

Muhsin akaitazama chupa ya rangi nyekundu iliyokuwa kando ya mkeka kwa jicho la fundi.

Hakumwambia kitu, na hapo ndipo alipokosea zaidi kuliko popote. Alichukua chupa, akabandua kofia ya prosesa, akapaka vile vipande kwa brashi yake ileile. Alipaka nyembamba, kwa sababu rangi ikiwa nene, kisanduku alichokitengeneza cha kupitishia maji kisingekaa sawasawa juu ya prosesa. Akaweka pete ya mpira, akaunga pampu ndogo na mipira yake, akajaza maji ya betri aliyonunua kwa mafundi wa magari, kwani alisoma kuwa maji safi hayapitishi umeme. Hakusoma mpaka chini, palipoandikwa kwamba maji hayo yakizunguka kwenye vyuma huokota uchafu na kuanza kupitisha umeme.

Na ikafanya kazi! Jua la utosi, bati linalia, kompyuta kimya kama haipo.

"Leo imetulia," Mwaija alisema akipita.

"Nimeirekebisha kidogo tu." Muhsin alijisikia mtu mkubwa.

Kwa ukubwa huohuo akapokea harusi ya Maryamu, binti wa Mzee Mhina wa Mazinde. Mzee alitaka video kabla binti hajamfuata mumewe Mwanza. Muhsin akamwahidi Alhamisi. Jumatano, katikati ya nasaha za mzee mwenyewe, kioo kikazimika. Akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. Kilichomjibu ni harufu ya kitu kilichoungua.

Alipofungua, aliona rangi imebanduka pembeni. Mchana joto, usiku baridi, kila siku ilikuwa inavutwa na kuachiwa mpaka ikaacha mwanya. Maji yakapenya chini yake, na rangi iliyobaki ikayafungia humohumo yasikauke. Muhsin akakaa chini sakafuni. Hakuiwaza prosesa. Aliwaza cherehani, na jinsi nyumba yao ilivyokuwa ikisikika zamani jioni, Mwaija akishona huku akiimba. Machozi yakamlenga.

"Mama Sufiani," akaita, kabla hajatafuta uongo wa kusema. "Njoo uone nilichofanya."

Akamweleza yote. Mwaija akainama, akauona ule wekundu ndani ya mashine.

"Chupa yangu nimeitafuta wiki nzima," alisema.

"Ulisema haipitishi maji."

"Haipitishi pale iliposhika. Hujaona nikiosha vyombo siku mbili tatu inavyobanduka kwenye ncha? Na mimi kikibaki kidoa kimoja kikavu ukuchani, nimeharibikiwa udhu. Wewe umeharibikiwa kwa kitone kimoja cha maji kilichofika." Akanyoosha mgongo. "Cherehani yangu, Baba Sufiani."

"Nisamehe."

Mwaija akatoka.

Diski yenye video ilikuwa nzima, ndiyo bahati pekee. Mdoe, mdogo wake Muhsin aliyeko Korogwe, alimwazima kompyuta ndogo kuukuu. Muhsin akampigia mteja simu: "Shikamoo mzee. Mashine imekufa, nimeiua mwenyewe. Nivumilie mpaka Jumapili." Mzee Mhina akaguna, akakubali.

Alianza kazi alfajiri. Jua lilipopanda na ile kompyuta kuukuu ikaanza kuchemka, aliizima mwenyewe bila kuambiwa. Akatoka uani. Mwaija, ambaye tangu Jumatano aliongea naye habari za chakula na mtoto tu, alikuwa ameinama kuchukua kopo la maji ya udhu.

Muhsin akalichukua yeye. Mwaija alisita, kisha akanyoosha mikono. Muhsin akammiminia taratibu, akitazama kila ukucha mpaka maji yalipoufikia.

"Bado hiki," Mwaija alisema, akamsogezea kidole gumba.