Karatasi ya Ubatizo ya Yoani Tebeti

Emilienne alikuwa na miaka kumi na mmoja mama yake alipomfungia mtoto mchanga mgongoni kwa mara ya kwanza, akamwachia nyumba na kwenda sokoni. Mtoto huyo alikuwa Aurélie. Tangu siku hiyo alikuwa wa Emilienne kuliko wa mama. Ni Emilienne aliyemfundisha kutembea, aliyemchana nywele, na aliyeacha shule ili mdogo wake asome.

Walikuwa wa mama mmoja, baba mbalimbali. Baba wa Emilienne aliitwa Kabamba. Aliondoka Kilwa ya Congo, ukingoni mwa Ziwa Mweru, kwenda kutafuta kazi migodini kabla binti yake hajaanza kusema, na hakurudi tena. Baba wa Aurélie aliitwa Tebeti, mwalimu wa katekisimu, mtu mpole aliyekufa kwa homa. Vita vilipofika upande wao wa Congo, wasichana hao, wakiwa tayari wanawake wazima, walivuka Ziwa Mweru pamoja na mama yao. Mama alizikwa Zambia mwaka uleule. Wao wakabaki katika kijiji cha Kafutuma, Emilienne akishona sare za shule, Aurélie akifanya kazi ya kutafsiri kwenye kituo cha afya, kwa sababu alijua Kiswahili, Kibemba, Kifaransa na Kiingereza.

Jina la Tebeti halikuwa limemshangaza mtu yeyote mpaka siku mzee Chisala alipokuja kituoni kupimwa damu. Chisala alikuwa mwalimu mstaafu wa historia mjini Nchelenge. Aliposikia muuguzi akimwita Aurélie kwa jina la baba yake, alisahau dawa zake mezani. Kwa miaka miwili alikuwa akiandikiana na mama mmoja wa Uingereza, Hilary, aliyekuwa akitafuta habari za ndugu wa babu yake mzaa baba. Ndugu huyo, Samuel Tebbutt, fundi seremala, alikuja ziwani zamani kuunda mashua za wazungu na hakurudi kwao. Chisala alikuwa amewauliza watu kutoka Puta mpaka Mofwe, na hakuna aliyelijua jina hilo.

Kuanzia hapo Aurélie alikwenda Nchelenge kila Jumamosi, kuketi mbele ya kompyuta ya mzee. Alirudi na majina. Alimweleza Emilienne kwamba Waingereza walihesabu watu wao kila baada ya miaka kumi, nyumba kwa nyumba, wakiandika mkuu wa nyumba, mke, watoto, mtumishi, umri na kazi ya kila mmoja. Na kabla ya hapo parokia zilikuwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Akataja William Tebbutt, mchunga farasi. Akamtaja mke wake Mary, na mtoto wao mmoja aliyeishi siku mbili tu, lakini jina lake na siku ya kuzikwa kwake bado vinasomeka katika kitabu cha kanisa la kijiji kiitwacho Hallowby.

Emilienne alisikiliza huku akikanyaga mashine yake. Kila jina lilimchoma. Alijiambia kuwa ni upuuzi kuwaonea wivu watu waliokufa, tena wachunga farasi. Lakini yeye hakulijua hata jina la baba wa Kabamba. Mtoto wa siku mbili wa Hallowby alikuwa na tarehe, na yeye, aliyeishi miaka arobaini na mitano, tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa ile aliyokadiriwa na karani wa wakimbizi. Aurélie alibandika ukutani karatasi kubwa yenye ukoo wote, matawi yakishuka kutoka kwa William mpaka kwake. Majirani walikuja kuitazama. Walimsifu Aurélie kwamba hata pua yake ni ya kizungu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona zamani. Emilienne aliwapa viti, akarudi kwenye kazi yake.

Kulikuwa na shida moja. Babu wa Aurélie, Yoani Tebeti, alijulikana, na Samuel alijulikana, lakini hakukuwa na karatasi iliyosema kwamba Yoani alikuwa mtoto wa Samuel. Hilary aliandika kwa upole kwamba kufanana kwa majina hakutoshi. Jioni hiyo Aurélie alimuuliza dada yake, ambaye kwa lugha ya kwao alimwita yaya, habari za mfuko wa mama yao.

"Yaya, mu saki ya mama hamukubakia karatasi za papa?"

"Zililowana mu mayi wakati tulivuka," Emilienne alijibu. "Nilizitupa."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Bahasha ya Tebeti ilikuwa chini ya vitambaa vyake vya kijani vya kushonea sare, kavu kabisa, na ndani yake nakala ya ubatizo wa Yoani, imeandikwa na padri kwa Kifaransa, ikitaja jina la baba: Samuel Tebbutt, seremala, Mwingereza. Emilienne ndiye aliyeibeba kifuani alipokuwa akivuka ziwa. Alijua ilikuwa nini. Alipomwona Aurélie akiinamisha kichwa, alisikia utamu mdogo moyoni, kisha aibu, lakini bahasha aliiacha ilipokuwa.

Aurélie hakukata tamaa. Aliomba ruhusa kazini na kusema atavuka kwenda Kilwa kutafuta katika vitabu vya parokia. Chisala alimwonya kwamba upande ule hakujatulia. Emilienne naye alimkataza, lakini kwa maneno machache, kama mtu anayeogopa kuulizwa sababu.

Asubuhi ya safari Emilienne alimsindikiza mpaka kwenye boti. Bahasha ilikuwa kiunoni mwake, imefungwa ndani ya kitenge. Alikuwa ameamua kumpa. Aurélie alikuwa akizungumza na wafanyabiashara wa samaki wanaovuka naye, akiwaeleza habari za babu yake mzungu. Mmoja wao aliuliza kama mama huyu naye ni wa ukoo huo.

"Hapana," Aurélie alisema akicheka. "Huyu njo yaya yangu. Mama mumoja, baba si mumoja."

Ilikuwa kweli tupu, na ilisemwa bila ubaya. Lakini mkono wa Emilienne, uliokuwa umeshaanza kufungua kitenge, ukakifunga upya. Boti ikaondoka.

Aurélie alitakiwa kurudi siku ya tatu. Siku ya tatu upepo ulivuma sana. Siku ya nne wachuuzi waliotoka ng'ambo walisema askari wamezuia boti zote Kilwa na wanakagua watu. Simu ya Aurélie haikuita. Emilienne alishona mikono ya shati la mtu mmoja ndani nje, akaifumua, akaishona tena vilevile. Siku ya tano aliiacha kazi, akapanda gari mpaka Nchelenge, akaiweka bahasha juu ya meza ya Chisala.

Mzee aliisoma mara mbili. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kama Aurélie anajua, na Emilienne alipotikisa kichwa, alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Kisha alimwonyesha ukurasa wa sensa ya mwaka 1881 ambamo Samuel alikuwemo. Alimsomea polepole, mstari kwa mstari, akitafsiri. William, mkuu wa nyumba. Mary, mke. Samuel, mtoto wa kiume, miaka minne. Halafu akaruka mstari mmoja kwenda nyumba ya pili.

Emilienne aliona. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta na kuuliza huyu wa kati ni nani.

Chisala alisema ni Ann Coles, miaka kumi na mmoja, binti wa kambo. Mary aliolewa akiwa mjane na alikuja na msichana huyo. Hakuwa wa ukoo wa Tebbutt, kwa hiyo hawakumfuatilia.

"Mama alikuwa anafanya kazi gani?" Emilienne aliuliza.

Imeandikwa kwamba alifua nguo za watu, Chisala alijibu.

"Basi mutoto wa miaka mine alibakia na nani?"

Chisala alirudi kwenye mstari aliouruka. Emilienne aliutazama ule mstari wa Kiingereza asioweza kuusoma. Katika majina yote ambayo Aurélie alikuwa amemletea nyumbani kila Jumamosi, hili hakuwahi kulitaja.

Aurélie alirudi siku ya saba, midomo imepasuka kwa jua, nguo zikinuka samaki. Alikuwa amelala kwenye veranda ya kanisa na wanawake wengine. Hakupata kitu. Vitabu vya miaka ile vilichukuliwa wakati wa vita, na padri mpya hakujua viko wapi. Alisimulia hayo akiwa bado amesimama mlangoni. Emilienne alimpa maji, akasubiri anywe.

"Karatasi haikulowana," alisema. "Njo miye nilificha. Iko kwa Chisala sasa."

Aurélie alikiweka kikombe chini, akauliza sababu.

"Juu ya nini?"

"Juu ya wivu."

"Wivu ya nini, yaya? Batu balikufa zamani. Habajui hata jina yako."

"Njo ile," Emilienne alisema. "Habajui jina yangu."

Aurélie aliketi. Alisema kwamba kule Kilwa askari mmoja alimshika mkono na kumpeleka nyuma ya ofisi, na kama si wale wanawake kumfuata wakipiga kelele, hajui ingekuwaje. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

"Kama ungesema uko na wivu, ningebakia. Ulinitazama napanda mu boti."

Aurélie alichukua nguo zake na kwenda kukaa kwa Débora, muuguzi aliyefanya naye kazi kituoni, nyumba tatu kutoka pale. Kwa wiki tatu walipishana kisimani kama watu wasiojuana. Hilary alipata nakala ya ubatizo, akaandika barua ndefu yenye furaha, na kijiji kizima kiliisikia habari hiyo isipokuwa Emilienne, ambaye aliambiwa na wateja wake.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, Aurélie alikuja na kuketi kwenye kiti cha wageni. Alisema Chisala alimwambia kuhusu lile swali la Ann, na swali likamkaa kichwani. Amemtafuta. Sensa iliyofuata ilimwonyesha akiwa mtumishi wa ndani katika mji mwingine. Mwaka 1895 aliolewa Hallowby, na katika kitabu cha ndoa Samuel alikuwa shahidi. Samuel aliandika jina lake vizuri. Ann, asiyejua kuandika, aliweka msalaba.

Emilienne aliuliza kama Ann alipata watoto, akaambiwa watano. Aliuliza kama Samuel aliwahi kumwandikia kutoka huku ziwani. Aurélie alisema hilo halimo kwenye vitabu.

"Hata ule Ann iko na karatasi," Emilienne alisema. Alisikia wivu ule ule ukipanda tena, na safari hii aliusema wote: kwamba unamuuma, kwamba haujaisha, kwamba hajui kama utaisha.

Aurélie alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba kule Kilwa alimuuliza padri habari za Kabamba pia, siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuuliza za Tebeti. Hakupata kitu. Hakuwa amesema kwa sababu hakuwa na kitu cha kuleta.

Emilienne alisimama, akaenda jikoni kuweka motoni maji ya bukari, ugali wa kwao. Kutoka huko aliuliza, bila kugeuka, kama mdogo wake atakula hapa au kwa Débora.

Aurélie alisema atakula, lakini leo hatalala hapa.