Dakika Hamsini Angani

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege. Ukiniuliza umbali wa kutoka uwanja wetu hadi ule wa mji nilikozaliwa, nitakujibu hata usingizini: kilomita mia tatu na kumi, dakika hamsini. Baba, dereva wa basi mstaafu, alinibandika jina la Bwana Dakika. Kwake yeye safari huanza unapofunga mlango wako na kuisha unapobisha wa mwenzako. Mimi nilihesabu tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Tulibishana miaka ishirini, na kila mmoja alijiona mshindi.

Dada yangu alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Baba, aliyelazwa hospitalini kule nyumbani tangu juzi, alikuwa amezidiwa na ananiulizia. Basi la kwanza huondoka saa kumi na mbili, linafika saa tisa alasiri. Ndege ilikuwa ya saa mbili. Nikamwambia dada kwamba saa tatu na nusu nitakuwa nimemshika baba mkono. Basi hata sikulifikiria.

Saa mbili kasorobo taarifa ya hali ya hewa ikaletwa, na kwa mazoea nikaisoma mimi. Ukungu kule, rubani angeona mita mia nne tu, na ndege yetu hairuhusiwi kutua akiona chini ya mita elfu moja na mia tano. Mwenzangu wa zamu alinitazama, akainamisha kichwa, akagonga mhuri wa kuahirisha. Ningekuwa mimi ningegonga vilevile, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ukungu uliondoka saa tano, lakini ndege ilikuwa imeshapelekwa njia nyingine. Nikakaa kwenye viti vya abiria, palepale ninapowaambia watu kila siku wawe na subira. Nilijichukia. Dada alipiga kila baada ya saa moja, nami nikamjibu bado kidogo, bado kidogo, mpaka nikaona haya kupokea.

Tuliruka saa tisa kasorobo. Nilizima simu nikakodolea macho saa yangu. Tuligusa ardhi saa tisa na dakika thelathini na tano. Dakika hamsini, haikuzidi hata moja. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi.

Nikawasha simu, nikampigia dada. Baba alikuwa amekata roho saa tisa na dakika kumi.

"Ulikuwa naye?" nikamuuliza.



"Nilimwambia uko uwanja wa ndege, hakuamini," akasema. "Alinituma stendi nikupokee. Alisema lazima utakuwa umepanda basi, wewe si mjinga. Nikaenda ili atulie tu, mdogo wangu. Nilikuwa nimesimama pale natazama watu wanashuka."

Nikamuuliza kama basi lilichelewa. Akasema halikuchelewa.