Sarafu Iliyosuguliwa

Mjomba wangu Gap-seok anajiona bingwa wa zile sarafu za shaba za zamani zenye tundu la mraba, eti wenzake wote washamba. Juzi nikapiga picha sarafu moja aliyoachiwa na babu, nzito, imeshika ukijani, nikamtumia Mama Ok, mkuu wa chama cha wakusanyaji pale soko la Dongmyo. Akajibu fasta: "Inafanana na sarafu mama, ile waliyotumia kutengenezea kalibu za nyingine. Aniletee. Ikiwa ndiyo, anaingia chamani."

Miaka sita walikuwa wanamkatalia!

Jumamosi tukafika. Mjomba akafungua kitambaa kwa madaha. Jamani, sarafu inang'aa kama jino la dhahabu!

"Umeifanya nini?" Mama Ok akauliza.

"Nimeisugua kwa majivu," mjomba akajibu, kifua mbele. "Tulikuwa tunasugua bakuli za shaba za tambiko la mababu, nikaijumuisha. Siwezi kukuletea uchafu, mama."

"Uchafu? Huo ndio uzee wake, we bwana! Na makali ya maandishi, ambayo ndiyo ningeitambulia, umeyafuta yote. Bingwa gani anaosha sarafu kama sufuria?"

Chama kizima kikaangua kicheko.

"Picha si ipo?" mjomba akajitetea.

"Basi binti na picha yake waingie. Wewe karudi kwenye bakuli zako."

Kwenye treni, bingwa wetu akaninong'oneza: eti mchuzi wa soya hauwezi kurudisha ule ukijani?