Gonga Nijue Uko Hai

Asikudanganye mtu: nishani ile ya Sajini ni mimi. Watu wanaiona kwenye mabango ya mapambano yake, kipande cha shaba chenye utepe, wanadhani alipewa kwa kuua. Alipewa kwa kunibeba mimi, mpishi wa kikosi, kilo tisini na mbili bila kutia chumvi, baada ya lori letu la chakula kukanyaga bomu.

Alinibeba mgongoni tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshakwenda, damu inanitoka, na nilimwambia aniache nife kwa raha zangu. Akafoka, "Mpishi, funga mdomo! Siwezi kugeuka kila saa kukutazama. Nigonge begani nijue uko hai. Ukiacha kugonga, nakuweka chini naenda zangu." Basi nikagonga. Kuna mahali nilisahau hata jina la mama yangu, lakini kugonga sikusahau.

Leo nina mke, nina mabinti wawili watundu wanaonifichia mguu wa bandia wakitaka nisiende kazini. Kila asubuhi nikivaa kiatu changu kimoja namshukuru Mungu, halafu namshukuru Sajini. Siyo maneno ya mdomoni haya. Nashukuru kweli.

Alipotoka jeshini akamwoa dada yangu mdogo, akawa shemeji yangu. Tukasema sasa mtu atapumzika. Thubutu! Akaingia kwenye ule mchezo wa kizimbani, ambao ngumi ruksa, mateke ruksa, mieleka ruksa, kabali ruksa, watu wawili ndani ya uzio wa wavu na mwamuzi mmoja. Nami nikawa mtu wa kona yake. Namfunga bandeji mikononi, nabeba ndoo, namkanda kwa barafu, namsema anapostahili kusemwa. Miaka saba, mapambano kumi na tisa, kashinda kumi na manne. Si haba kwa mtu aliyeanza na mvi kidevuni.

Sasa, katika mchezo huu, ukikabwa ukaona huna pa kutokea, unagonga. Unampiga mwenzako kiganja mara mbili tatu, au unapiga sakafu, mwamuzi anawaachanisha, mnakwenda kula. Hata mabingwa wanagonga. Shemeji yangu hagongi. "Mimi sisalimu amri," anasema, na kifua kimevimba. Kwa ukaidi huo alivunjwa mkono pambano la sita, na mara mbili alikabwa mpaka akazimia. Ile mara ya pili nilirusha taulo ili pambano lisimamishwe. Likanasa juu ya wavu, likaning'inia kama nguo iliyoanikwa, na mwamuzi kalipa mgongo. Mpaka leo walinzi wa ukumbi ule wakiniona wananiuliza kama limeshakauka. Wana haki ya kucheka. Mimi sikucheka, maana Sajini alichelewa sana kufumbua macho.

Baada ya hapo daktari aliweka picha ya shingo yake kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. "Nakuruhusu pambano moja la mwisho," alisema. "Shingo hii inaweza kupigana, haiwezi ubishi. Ukikabwa, gonga. Ukisubiri uzimie tena, unaweza kuamka hutembei. Au usiamke kabisa."

Dada yangu ni fundi umeme, hana woga wa kitu. Siku hiyo alinifuata ukumbi wa mazoezi na bisibisi zake kiunoni, macho mekundu.

"Kaka," akasema, "wewe alikurudisha nyumbani. Na mimi nirudishie wangu."

Nilisema sawa.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja, feni bovu na harufu ya dawa ya kuchua. Nilimkalisha nikaanza kumfunga bandeji, nikipitisha kati ya vidole kama apendavyo.

"Shemeji, ukikabwa utagonga?"

"Funga bandeji."

"Nimekuuliza wewe mtu!"

"Mtu mwenye nishani hagongi, Mpishi. Watu watasemaje?"

Hapo hasira zikanipanda. "Nishani ni mimi!" nikamwambia. "Na mimi niligonga nusu siku nzima. Kwa hiyo mimi mwoga?"

Akaninyooshea mkono wa pili. Nikaufunga, tukaitwa.

Mpinzani wake walimwita Kufuli, kwa sababu akikushika hafunguki. Raundi ya kwanza Sajini alimchapa ngumi safi, ukumbi ukalipuka. Ya pili wakatoka sare. Ya tatu, ya mwisho, tulikuwa tunaongoza kwa pointi, nami nimeshaanza kutabasamu, Sajini akateleza kwenye jasho. Kufumba na kufumbua Kufuli kampanda mgongoni, kampitishia mkono chini ya kidevu, kafunga.

Nikatazama saa ya ukutani. Zimebaki sekunde arobaini. Nikajua anachowaza yule mkaidi: nivumilie sekunde arobaini tu, nimeshinda. Uso ukaanza kubadilika rangi. Mwamuzi kapiga goti, anamchungulia, anasubiri.

Nikashika taulo. Nikautazama ule wavu ulivyo mrefu, nikakumbuka lile lililoning'inia, nikalitupa hili chini. Nikauburuta mguu wangu wa bandia kuzunguka kizimba mpaka upande waliolalia, nikapiga magoti, na msimamizi mmoja akanishika shati ananivuta. Nikamwachia shati livutwe. Nikaweka mdomo kwenye tundu la wavu, nikawa napiga ukingo wa sakafu kwa kiganja, paa, paa, paa.

"Sajini!" nilipiga kelele. "Gonga nijue uko hai!"

Jicho moja likafunguka. Likanitafuta, likanipata. Haki ya Mungu, sijawahi kutazamwa vile na mtu.

Mkono wake ukanyanyuka taratibu, ukampiga Kufuli begani. Mara moja. Mara mbili. Mwamuzi akarukia kuwaachanisha, pambano likaisha, na yeye kalala pale anahema, bado anapiga sakafu kwa kiganja, macho kwangu. Hakuacha mpaka nilipoingia ndani nikamshika mkono.

Baadhi ya watu walizomea. Halafu Kufuli mwenyewe akampigia saluti, ukumbi wote ukasimama kushangilia. Mwamuzi akanyanyua mkono wa mwingine, nami nikalia kwa furaha mbele za watu, shati limechanika mgongoni. Kushindwa kutamu namna ile sijawahi kuonja.

Dada aliingia chumbani bila kubisha hodi. Akamwekea mumewe vidole shingoni, anavyokagua nyaya zake.

"Geuka huku." Akageuka.

"Na huku." Akageuka.

Basi akaketi kwenye benchi, akalia na kucheka kwa pamoja, akanishika mkono wangu akaubana. "Asante, kaka," alisema. Nami nikamwambia amshukuru mumewe, safari hii kajibeba mwenyewe.

Nikachukua mkasi nianze kukata bandeji. Sajini alikuwa anatazama mikono yake.

"Mpishi, siku ile ulipata wapi nguvu za kugonga muda wote ule?"

"Nguvu gani? Woga. Ulisema nikiacha utaniweka chini."

Akacheka, mdomo umevimba, akashika mbavu.

"Wewe naye! Nilikutisha tu usilale. Kule mwishoni uliacha kugonga, hukumbuki? Kitambo kirefu. Nikajua umeshakufa."

"Sasa kwa nini hukuniweka chini?"

"Nikuweke chini niende na nani?"

Miaka yote hiyo namshukuru, kumbe nilikuwa sijui hata nusu yake. Nikaweka mkasi kwenye benchi, nikamgonga begani mara tatu.

"Sawa, uko hai," akasema. "Haya, kata bandeji, nina njaa."